Gurudumu Juu ya Meza Yangu



Juma hili la tatu la Majilio limetukuta tukiwa katika furaha. Mshumaa wa rangi ya waridi umewashwa, wanakwaya wanafanya mazoezi ya nyimbo za Noeli hadi usiku, na vijana wameanza kukusanya majani ya kujengea pango. Jumapili, baada ya Misa ya pili, mama mmoja alinisimamisha mlangoni pa sakristia, akaniuliza jambo ambalo sikulitegemea. "Baba Paroko," alisema, "nimesikia kwamba ziko nchi ambazo serikali huzuia vitu vya kuchezea watoto visiingizwe kutoka nje. Hivi serikali hizo hazina kazi nyingine? Mwanasesere naye amdhuru nani?" Nilicheka pamoja naye, nikamwahidi kwamba nitamjibu katika tafakari ya juma hili. Sikumwambia kwamba swali lake lilikuwa limegusa donda langu la zamani.

Wale mnaofika ofisini kwangu mmeona kwamba juu ya meza, kando ya kitabu cha ubatizo, pana gurudumu dogo jeusi la plastiki, lisilozidi ukubwa wa kifungo cha koti. Baadhi yenu mmeniuliza ni la nini, nami nimezoea kujibu kwa mzaha. Leo niseme ukweli wake.

Miaka mingi iliyopita, nikiwa paroko msaidizi katika parokia nyingine, nilikabidhiwa kazi ya kuandaa karamu ya watoto kwa ajili ya sikukuu ya Watoto Mashahidi, tarehe 28 Desemba. Waamini walikuwa wametoa mchango wa pekee ili kila mtoto apate zawadi. Nilikwenda kwa mwuzaji wa jumla, naye akaniwekea mbele maboksi mawili ya magari ya kuchezea. Boksi la kwanza lilikuwa na magari yaliyofungwa imara, lenye maandishi yaliyoeleza umri wa mtoto anayefaa kupewa. La pili halikuwa na jina la kiwanda wala maelezo yoyote, lakini bei yake ilikuwa nusu ya bei ya lile la kwanza. Nilipiga hesabu upesi. Nikichukua la kwanza, nusu ya watoto wangekosa. Nikichukua la pili, kila mtoto angeondoka na gari mkononi. Nikaona kwamba upendo wenyewe unanielekeza kwenye la pili, nikalipa, nikaondoka nikimshukuru Mungu kwa kunipa akili ya kubana matumizi.

Siku ya karamu niliyapanga magari yale mbele ya altare, nikayaombea, nikayanyunyizia maji ya baraka. Watoto walishangilia, wazazi walipiga makofi, na mimi nilijiona mchungaji mwema.

Haikupita wiki, bibi mmoja akaja mapema asubuhi, akiwa amembeba mjukuu wake mgongoni. Alinisalimu, "Padre, Tumsifu Yesu Kristo," kisha akafungua fundo la khanga yake na kutoa gurudumu hili. Mjukuu wake, ambaye hakuwa ametimiza miaka miwili, alilichomoa kwenye gari kwa meno, likamkwama kooni. Bibi alipogeuka alimkuta hana sauti, macho yamemtoka, midomo imeanza kubadilika rangi. Alimlaza kifudifudi juu ya paja lake, kichwa kikielekea chini, akampiga mgongoni kwa kiganja mara kadhaa hadi gurudumu likaruka. Hakuna aliyemfundisha, aliwahi tu kumwona mama yake akifanya hivyo.

Nilianza kuomba radhi, lakini alinikatiza kwa upole. "Sikuja kulalamika, Padre. Nimekuja ukione. Maana wengine nao wanavyo majumbani."

Wapendwa, maneno hayo nimeyabeba katika upadre wangu wote. Siku ile nilizunguka nyumba kwa nyumba pamoja na katekista, tukiyakusanya magari yale kutoka mikononi mwa watoto waliokuwa wakilia. Nilijifunza jambo ambalo seminarini sikulijifunza vizuri, kwamba nilikuwa nimebariki kitu ambacho sikukitazama. Nilihesabu watoto, nikahesabu fedha, nikahesabu magari. Sikushika gari hata moja na kulivuta gurudumu lake nione kama linang'oka. Na baraka, kama mnavyojua, haigeuzi uzembe wa binadamu kuwa usalama.

Basi, kwa yule mama aliyeuliza kama serikali hazina kazi nyingine, jibu langu la kwanza natoa katika Maandiko Matakatifu. Fungueni Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, aya ya 8. Humo Mungu anawaagiza watu wake kwamba yeyote ajengaye nyumba mpya aizungushie paa lake ukuta mfupi, ili asije mtu akaanguka kutoka juu na damu yake ikawa juu ya nyumba hiyo. Nyumba za nchi ile zilikuwa na mapaa ya bapa. Watu walipumzika juu yake jioni, walianika nafaka, na watoto walicheza huko. Sheria haisemi kwamba tungoje mtu aanguke ndipo tumtafute mwenye kosa. Inamwagiza mjenzi amfikirie mtu ambaye bado hajapanda ngazi, hata mtoto ambaye bado hajazaliwa. Katika Kitabu cha Kutoka, sura ya 21, aya ya 33 na 34, twakuta jambo la namna hiyo hiyo kuhusu mtu achimbaye shimo na kuliacha wazi: mnyama akitumbukia, mchimbaji ndiye atakayelipa. Hakuruhusiwa kujitetea kwamba hakukusudia.

Hizi ni sheria za usalama, wapendwa, nazo zimo katika Neno la Mungu. Anayezuia kitu cha hatari bandarini anajenga ule ukuta mfupi wa paa. Anaitumikia amri ya tano, ambayo haitukatazi kuua kwa upanga peke yake, bali inatudai tuulinde uhai wa jirani hata dhidi ya uzembe wetu.

Tuone sasa jinsi mambo yalivyokwenda katika dunia ya miaka yetu. Mwaka 2006, katika mji wa Minneapolis huko Marekani, mtoto wa miaka minne alifariki baada ya kumeza kidani chenye umbo la moyo. Kidani hicho kilitoka kwenye bangili iliyotolewa kama zawadi ya bure kwa wanunuzi wa viatu vya watoto. Kilipopimwa kilionekana kuwa karibu chote ni madini ya risasi. Bangili za aina hiyo zipatazo 300,000 ziliondolewa sokoni. Nawaomba mlitafakari neno lile "bure". Kitu kilichoongezwa ili kumfurahisha mtoto ndicho kilichomwua.

Madini ya risasi yana tabia ya kunyemelea. Hayaungui mdomoni, wala hayatoi harufu. Yakichanganywa katika rangi huifanya ing'ae na kudumu. Lakini mtoto hujifunza ulimwengu kwa mdomo. Hutafuna kila anachokishika, na mwili wake hufyonza risasi aliyoimeza mara nne au tano zaidi ya mwili wa mtu mzima. Risasi hiyo huenda kwenye ubongo unaokua, ikapunguza uwezo wa mtoto wa kujifunza na kutulia. Shirika la Afya Duniani linafundisha kwamba hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Mzazi haoni jeraha. Miaka baadaye anaona tu mtoto aliye mzito darasani, na pengine anamwadhibu kwa uvivu ambao si wake.

Mwaka 2007 dunia nzima ilishtuka. Kampuni ya Mattel ya Marekani, mojawapo ya kampuni kubwa kuliko zote za vitu vya kuchezea, iliondoa sokoni mamilioni ya vitu vilivyotengenezwa China. Sehemu yake ilikuwa na rangi yenye risasi nyingi kupita kiasi. Sehemu iliyo kubwa zaidi, takribani vitu milioni 18 duniani kote, ilikuwa na sumaku ndogo ambazo zingeweza kuchomoka. Mtoto akimeza mbili, hutafutana ndani ya tumbo, zikabana utumbo kati yake na kuutoboa.

Hapo vidole vyote vilielekezwa China. Agosti 2007, mkuu wa kiwanda kimoja cha mji wa Foshan, ambacho kilikuwa kimetengeneza baadhi ya vitu vile vya rangi mbaya, alijiua ndani ya kiwanda chake. Ilielezwa kwamba rangi ile aliuziwa na mtu aliyekuwa rafiki yake. Tumwombee, na tusimhukumu. Nami nikikumbuka habari zake naona jinsi mnyororo wa kuaminiana bila kutazama unavyoweza kuwa mrefu: fundi alimwamini mwenye kiwanda, mwenye kiwanda alimwamini rafiki, kampuni ilimwamini mwenye kiwanda, duka likaiamini kampuni, mama akaliamini duka, na mtoto akamwamini mama. Padre mmoja, mahali pengine na kwa namna yake, alikuwa ameshika pete katika mnyororo wa namna hiyo.

Mwezi uliofuata, Septemba 2007, ofisa mkuu wa kampuni ile alisafiri hadi Beijing kuomba radhi. Alikiri kwamba sehemu kubwa ya vitu vilivyoondolewa sokoni ilitokana na kasoro ya usanifu wa kampuni yenyewe, si kosa la viwanda vya China. Zile sumaku zilikuwa zimechorwa hivyo tangu mezani. Ndiyo kusema, aliyenyosha kidole alikuwa na boriti jichoni mwake. Mwaka uliofuata, Agosti 2008, Marekani ilipitisha sheria mpya iliyoshusha kiwango cha risasi kinachoruhusiwa katika rangi kutoka sehemu 600 hadi sehemu 90 katika kila sehemu milioni, na kuagiza kwamba vitu vya watoto vipimwe na maabara zinazotambuliwa kabla ya kuuzwa.

Nchi iliyochukua hatua kali kuliko zote ilikuwa India. Tarehe 23 Januari 2009, serikali yake ilipiga marufuku kwa miezi sita uingizaji wa vitu vyote vya kuchezea kutoka China. Ilieleza kwamba ilifanya hivyo kwa ajili ya afya na usalama wa watu. China ililalamika, na walikuwapo waliosema kwamba usalama wa watoto ulikuwa kisingizio tu cha kuvilinda viwanda vya ndani. Sina uwezo wa kuipima mioyo ya watawala. Lakini angalieni kilichofuata. Kabla miezi miwili haijaisha, mwanzoni mwa Machi 2009, India iliirekebisha amri yake: vitu kutoka China viliruhusiwa tena, mradi viwe na hati zinazothibitisha kwamba vimepimwa na kutimiza viwango vinavyotambulika kimataifa.

Kwa maoni yangu, marekebisho yale yana hekima kuliko amri ya kwanza. Amri ya kwanza ilikitazama kitu kwa kuuliza, "Umetoka wapi?" Ya pili ilikitazama kwa kuuliza, "Wewe u nini hasa?" Bwana wetu, katika Injili ya Yohane sura ya 7, aliwaonya watu wasihukumu kwa mwonekano wa nje bali kwa haki. Kitu kilichotengenezwa China kinaweza kuwa chema kabisa, na kilichotengenezwa kijijini kwetu kinaweza kuwa cha hatari. Koo la mtoto halijui mipaka ya nchi. Sheria yenye haki inapima kitu, haimhukumu jirani kwa taifa lake.

India haikuishia hapo. Ilitoa agizo jipya la ubora mwaka 2020, likaanza kutumika tarehe 1 Januari 2021, likitaka vitu vya kuchezea, vya ndani na vya kutoka nje, viwe na alama ya mamlaka ya viwango ya nchi hiyo. Katika mwaka huo huo wa 2020 ilipandisha pia ushuru wa vitu vya kutoka nje kutoka asilimia 20 hadi 60, hatua ambayo kwa hakika ilihusu viwanda na biashara kuliko usalama. Mambo haya mawili hutembea pamoja katika siasa za dunia, nasi tujifunze kuyatenganisha. Ushuru haumpimi mtu koo, unampima mfuko. Lakini katika agizo lile la ubora palikuwa na jambo moja lililonigusa: kabla halijaanza kutumika, serikali iliwasamehe alama hiyo mafundi wa kazi za mikono waliosajiliwa, wachongao na kushona vitu vya kuchezea vya jadi. Waliona kwamba gharama za maabara ambazo kiwanda kikubwa hazikisumbui zingeweza kumzika fundi maskini. Sheria njema huangalia pia nani ataibeba.

Nilipomsimulia habari hizi ndugu mmoja mfanyabiashara katika jumuiya, alinijibu kwa uchungu. "Baba Paroko, nyie mnaongea vizuri. Lakini mkizuia vya bei rahisi, mtoto wa tajiri atachezea gari lenye cheti, na mtoto wa maskini atachezea vumbi. Na mimi nitalishaje familia yangu?"

Hoja hiyo siwezi kuidharau, kwa sababu ndiyo ile ile niliyoitumia mimi mbele ya maboksi mawili. Nami naijibu kwa kujijibu mwenyewe. Kosa langu halikuwa kutaka kila mtoto apate. Kosa langu lilikuwa kukubali moyoni kwamba kwa watoto wa maskini kitu chochote kinatosha. Ningeweza kununua mipira michache imara, wakaicheza watoto kumi kumi pamoja, na fedha ingetosha. Sikulifikiria hilo, kwa kuwa nilitaka kuona kila mkono umeshika kitu. Maskini ana haki ya bei nafuu, lakini ana haki ya usalama kabla ya hiyo. Nchi tajiri zikivikataa vitu vibovu, vitu hivyo havitoweki. Vinatafuta mlango usio na bawabu. Tukiuacha mlango wetu wazi kwa jina la kuwahurumia maskini, tutakuwa tumewapa watoto wao nyoka badala ya samaki, huku tukijisifu kwamba tumewapa kitu.

Nchi yetu inaye bawabu. Shirika la Viwango Tanzania liliundwa kwa sheria ya mwaka 1975, na tangu mwaka 2012 ulianzishwa utaratibu wa kuzikagua bidhaa mbalimbali katika nchi zinakotoka, kabla hazijapakiwa melini. Ni kazi ya heshima. Lakini bawabu hawezi kushinda usingizi peke yake ikiwa watu wa nyumbani wenyewe wanapitisha wageni dirishani. Mzigo ukipita kwa njia za panya, hati ikiwa ya kughushi, mkaguzi akipewa bahasha ili afumbe macho, hapo dhambi si ya kuidanganya serikali tu. Katekisimu ya Kanisa, namba 2409, inazitaja pamoja rushwa, kughushi hati na kazi iliyofanywa vibaya kuwa ni makosa dhidi ya haki. Anayepokea bahasha ile ameubomoa ukuta wa paa akijua kwamba watoto wanacheza juu. Nawasihi wale miongoni mwenu mnaofanya kazi bandarini, mipakani na madukani: mkija kuungama msiseme tu "nilipokea kidogo". Jiulizeni kilichopita mlangoni kilikwenda nyumba ya nani.

Wala tusijidanganye kwamba vitu vyetu vya asili havina hila. Mimi nimekua nikisukuma gari la waya lenye magurudumu ya vizibo, na nikicheza mpira wa makaratasi uliofungwa kwa kamba. Hakuna raha niliyoipata baadaye iliyozidi ile. Lakini nimewaona pia watoto wakitengeneza magari kwa makopo yaliyokuwa na dawa ya wadudu, na wakivunja betri zilizokufa ili wapate ule unga mweusi wa kuchorea. Jicho la mzazi linahitajika kwa kilichotoka Asia na kwa kilichotoka jalalani.

Nifunge sehemu hii kwa jambo moja dogo. Wapimaji wa vitu vya kuchezea wana kifaa rahisi: mrija mfupi wenye upana wa milimita 31.7, uliotengenezwa kwa kufuata ukubwa wa koo la mtoto mdogo. Kipande chochote kinachoweza kuzama ndani ya mrija huo hakifai kuwamo katika kitu cha kuchezea cha mtoto aliye chini ya miaka mitatu. Siku niliposoma habari hiyo nilichukua rula, nikalipima gurudumu lililo mezani pangu. Lilikuwa na milimita 19. Mrija ule ungelimeza bila shida, kama koo la yule mtoto lilivyotaka kulimeza. Kifaa cha bei ndogo, mikononi mwa mtu makini, kingemwepusha bibi yule na dakika zile.

Tangu hapo nimekuwa nikikiwaza kifaa kile kama fundisho la Majilio. Sisi watu wazima tumezoea kuipima dunia kwa vipimo vyetu: faida, bei, wingi, haraka. Mtu fulani akakaa chini akasema, hapana, kitu hiki tutakipima kwa koo la mtoto. Na Mungu wetu je, si ndivyo alivyofanya? Alipotaka kutukomboa hakuja kwa kipimo cha Kaisari wala cha Herode. Alikuja mdogo kiasi cha kulala horini, akiwa na koo ambalo lingeweza kukwamwa na punje. Maria alimtazama. Yosefu aliamka usiku, akamchukua Mtoto na mama yake, akavuka nao mpaka kwenda Misri, kwa sababu alionywa juu ya hatari ambayo kwa macho bado hakuiona. Ulinzi wa mtoto ulikuwa ndiyo kazi ya kwanza ya Familia Takatifu baada ya Mamajusi kuondoka.

Basi mnaponunua zawadi za Noeli, nawaomba msikimbilie kulipa. Kitu kishikeni mkononi. Vuteni macho ya mwanasesere na magurudumu ya gari. Angalieni kama kifuniko cha betri kimefungwa kwa skrubu, maana betri ile ndogo iliyo bapa kama sarafu ikikwama kwenye umio wa mtoto inaweza kumwunguza vibaya katika muda wa saa mbili tu; mtoto akiimeza apelekwe hospitali mara moja, usingoje asubuhi. Kataeni chenye sumaku zinazochomoka. Kataeni chenye rangi inayobanduka ukiikwaruza kwa ukucha, na kisicho na jina la aliyekitengeneza. Mkiona duka linauza kitu cha hatari, mwambieni mwenye duka kwa upendo, na asiposikia, watoeni taarifa wahusika. Hiyo si roho mbaya. Ni yale yale aliyoyafanya bibi yule aliponijia asubuhi akiwa na fundo la khanga.

Mwaka huu karamu ya watoto wetu itafanyika tarehe ile ile, 28 Desemba. Nimeomba akina mama wawili wa WAWATA na fundi mmoja wa parokia wakae nami jioni moja kabla ya hapo, tukipitie kila kitu kimoja kimoja. Kitakachozama katika mrija, nimeutengeneza mmoja kwa karatasi ngumu, hakitafika altareni. Baada ya hapo, na si kabla, nitavibariki.

Na yule mtoto? Nilikutana naye mwaka juzi, nilipoalikwa kwenye jubilei ya parokia ile. Ni kijana mrefu sasa, mwimbaji wa sauti ya nne katika kwaya. Hakumbuki kitu. Bibi yake ameshatangulia mbele ya haki, Mungu ampumzishe kwa amani. Nilisimama nyuma ya kanisa nikaisikiliza sauti ile nzito ikitoka katika koo lile, nikashindwa kuimba.

Kwa ajili ya mazungumzo ya jumuiya juma hili, nawaachia swali moja: ni kitu gani nimekipa baraka yangu, nyumbani, kazini au katika biashara, bila kukitazama?

Mtoto Yesu awalinde watoto wenu, na Mwenyezi Mungu awabariki, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Amina.

Ni mimi mtumishi wenu katika Kristo,
Paroko